Ushuru bila taarifa

Kwenye mdahalo wa wanafunzi wa muhula huu, hoja iliyowekwa mezani ilikuwa fupi: Kongo itoke katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Aliyesimama kuitetea ni mwenzetu wa mwaka wa tatu, na hakuhitaji kumaliza dakika zake. Alisema maneno machache juu ya Januari 2025, juu ya majirani tunaokaa nao katika jumuiya moja, na ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mpinzani wake akazungumzia soko la watu zaidi ya milioni mia tatu, akapigiwa makofi ya adabu. Kura zikahesabiwa, tukatoka kutafuta maandazi.

Sikupiga makofi upande wowote. Si kwamba sikumwelewa yule wa kwanza. Nani kati yetu, aliyekuwa Goma wiki ile ya mwisho ya Januari, asiyemwelewa? Lakini katika saa nzima ya mabishano sikusikia hata mara moja neno unga. Sikusikia mchele, sikusikia nyanya. Na mimi ada yangu ya chuo, tangu mwaka wa kwanza, imetoka kwenye beseni la nyanya.

Beseni hilo ni la mama mdogo. Anaamka kabla ya saa kumi na moja, anashuka Birere, anavuka Petite Barrière kwa jeto yake, ile karatasi ya kuvuka na kurudi siku hiyohiyo, ananunua nyanya na unga upande wa Gisenyi na kurudi kuuza kwetu. Yuko pamoja na maelfu ya wenzake, wengi wao wanawake, katika mpaka unaovukwa kwa miguu kuliko karibu mipaka yote ya Afrika. Mchana akihesabu amebakiwa na faida ya dola mbili, siku hiyo ni nzuri. Kwa hiyo mtu akiniambia tutoke au tubaki, swali langu la kwanza si la heshima ya taifa. Ni hili: beseni litalipa ngapi?

Nimejaribu kulijibu kwa kusoma. Naomba wachumi wanivumilie, ingawa najua hawasomi jarida hili.

Kongo ilipokewa katika Jumuiya na wakuu wa nchi tarehe 29 Machi 2022, Rais akaweka sahihi Nairobi tarehe 8 Aprili, na hati za kuridhia zikawasilishwa Arusha mwezi Julai mwaka huohuo. Kutoka si kupiga mlango. Kifungu cha 145 cha Mkataba kinadai theluthi mbili ya wabunge wote wakubali, kisha notisi ya maandishi ya miezi kumi na miwili kwa Katibu Mkuu, na katika miezi hiyo yote nchi inabaki na wajibu wake. Yule aliyedhani kwamba tungetoka Jumatatu na bei zikabadilika Jumanne amekosea pande zote mbili.

Sasa tuje kwenye chakula. Nchi za Jumuiya zina ushuru mmoja wa forodha kwa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya: 0% kwa malighafi, 10%, 25%, na tangu Julai 2022 kiwango cha nne cha 35%, ambacho kinagusa nyama, mafuta ya kula na vingine vingi. Juu ya hapo kuna orodha ya bidhaa nyeti, na hapo ndipo tumbo linapoguswa. Mahindi 50%. Maziwa 60%. Sukari 100% au dola 460 kwa tani, chochote kilicho kikubwa. Mchele 75% au dola 345 kwa tani, vilevile chochote kilicho kikubwa. Viwango vya Kongo yenyewe vinaishia 20%.

Tufanye hesabu ya gunia. Tuseme mchele wa Pakistani unafika bandarini kwa dola 400 tani moja. Asilimia 75 yake ni dola 300, ambayo ni ndogo kuliko 345, basi unatozwa 345. Gunia la kilo 25 linabeba ushuru wa dola 8 na senti 60 hivi. Kwa kiwango cha juu kabisa cha Kongo, gunia hilohilo lingebeba dola 2. Kongo bado haijahamia kikamilifu kwenye ushuru wa pamoja, ndiyo maana hatujauona mshtuko huo sokoni. Lakini wale wanaotuambia kwamba kubaki ni chakula cha bei nafuu moja kwa moja hawajatuonyesha hesabu hii. Kubaki kwa ukamilifu, bila kujadiliana, kungeumiza sufuria ya Goma.

Nasema bila kujadiliana kwa sababu wengine wamejadiliana. Kenya kwa miaka mingi imepewa ruhusa ya kutoza mchele 35% au dola 200 kwa tani badala ya kiwango cha wote. Mwanachama anaomba, anapewa mwaka mmoja, anaomba tena. Asiyekuwa ndani ya chumba haombi.

Na upande wa kutoka? Hapa mdahalo wetu ulikuwa na pengo kubwa kuliko yote. Kongo iko pia katika COMESA, pamoja na Rwanda, Uganda, Burundi na Kenya. Kwa bidhaa za nchi hizo, kutoka Jumuiya si kufunga mlango. Ni kubadilisha mlango, na karatasi mpya na orodha mpya. Anayeondoka hasa ni Tanzania. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Na mchele wa Tanzania, ule wa Mbeya na wa Shinyanga ambao mama zetu wanaupenda kwa sababu unanukia na hauvurugiki, ndio unaoweza kuchukua nafasi ya ule wa Pakistani kama ushuru wa pamoja utatufikia. Ukitoka Jumuiya unabaki nao kupitia SADC tu, kwa njia ndefu na yenye masharti mengine. Kwa maneno mengine, wanaotaka tutoke ili kumwadhibu jirani wa karibu wataanza kumwadhibu jirani wa mbali ambaye hatuna ugomvi naye, na aliye karibu atabaki nasi katika COMESA kama kawaida. Sijui kama wanakusudia hivyo.

Mifano iko. Mali, Burkina Faso na Niger zilitoka rasmi ECOWAS tarehe 29 Januari 2025, siku mbili baada ya Goma kuanguka, kwa hiyo sisi hapa hatukuwa na nafasi ya kufuatilia. Lakini zilibaki katika umoja wa sarafu ya CFA, UEMOA, wenye ushuru wa pamoja na Senegali na Cote d'Ivoire, na hilo lilizipunguzia kishindo. Miezi miwili baadaye zikaanzisha tozo mpya ya 0.5% kwa bidhaa za kutoka nje ya muungano wao wenyewe, kwa sababu muungano mpya nao unataka kula. Rwanda nayo ilitangaza kujitoa katika Jumuiya ya Kiuchumi ya Afrika ya Kati mwezi Juni 2025, kama ilivyowahi kufanya mwaka 2007 kabla ya kurudi 2016. Bei ya viazi Gisenyi haikujua kama kuna kilichotokea, kwa maana biashara ya Rwanda haipiti huko kwa wingi. Kutoka mahali ambapo hununui wala huuzi ni rahisi. Goma inanunua chakula chake mashariki.

Upande wa pili nao usijifanye mtakatifu. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya hadi 1983. Hiyo ni historia. Lakini mpaka wa Gatuna, kati ya Rwanda na Uganda, nchi mbili wanachama, ulifungwa Februari 2019 na kufunguliwa mwisho wa Januari 2022. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikalegeza baada ya siku chache. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Wote hao wamo ndani ya jumuiya moja na bendera moja. Uanachama haufungui bariere; anayeshika kamba ndiye anayefungua.

Basi ndivyo nilivyofika kwenye jambo ambalo ni la kitivo chetu, na ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko kutoka na kubaki.

Kwa zoezi la leksikografia nilikaa asubuhi kadhaa katika soko la Virunga na daftari, nikiuliza wauzaji wanaitaje kile wanacholipa mpakani. Nilitegemea ushuru, au kodi. Ushuru lilinijia mara chache, kutoka kwa wazee na kutoka kwa mchungaji mmoja. Wengi walisema dwani. Wengine taksi. Wengine walisema tu pesa ya bariere, pesa ya kupita, bila kutofautisha iliyokwenda kwenye kitabu cha risiti na iliyokwenda mfukoni.

Maneno haya yamesafiri. Ushuru ni Kiarabu, kutoka neno la sehemu ya kumi. Anayelitamka anataja kiwango bila kujua, na ni kiwango kidogo kuliko vingi nilivyotaja hapo juu. Forodha nayo ni Kiarabu, mahali pa kushushia mizigo bandarini, na Unguja pale Forodhani leo usiku watu wanakula mishikaki. Dwani yetu tumeichukua kwa Kifaransa, douane, lakini Kifaransa kiliipata kupitia Kiitalia kutoka diwani ya Waarabu na Waajemi, daftari la hesabu na ofisi yake. Kwa hiyo dwani ya Birere na diwani ya mshairi ni ndugu waliopotezana. Nililiandika hilo kwenye zoezi langu na mwalimu akaweka alama ya mshangao pembeni. Sijui kama ilikuwa ya kusifu.

Lakini neno lililonikamata ni tarif. Wafaransa wanasema tarif, Waingereza tariff, na wote wameliokota katika Kiarabu, katika mzizi wa kujua na kujulisha. Mzizi huohuo ndio uliotupa sisi taarifa. Tarif mwanzoni haikuwa pesa. Ilikuwa tangazo: orodha inayomjulisha mfanyabiashara, kabla hajafungua mzigo, atalipa nini kwa kitu gani. Ushuru ukawa halali kwa sababu ulijulikana.

Mwaka 2023 nilivuka na mama mdogo ili nimsaidie mzigo. Wakati wa kurudi alilipa mara tatu, mahali pa watu watatu, na akapewa karatasi moja. Tulipofika Birere akanipa ile karatasi. Ilikuwa na muhuri, tarehe, namba ambayo haikulingana na jumla ya alicholipa, na maneno mawili ya Kifaransa yaliyofupishwa. Akaniuliza:

“Weye mwenye unasoma, uniambie. Hii wameandika nini?”

Nikamwambia imeandikwa tozo. Akauliza ya nini. Nikageuza karatasi, kana kwamba jibu liko nyuma. Yeye hajui Kifaransa. Mimi ninakijua, nimefaulu mitihani yake yote, na sikuweza kumsaidia hata kidogo.

“Na hii EAC,” akasema, “ilipunguza bei ya nini?”

Sikuwa na jibu pale. Baadaye nililipata, nikakasirika. Jumuiya ina cheti rahisi cha uasilia kwa mizigo isiyozidi dola 2,000: ukionyesha kwamba bidhaa imezalishwa ndani ya nchi mwanachama, haitozwi ushuru wa kuingiza. COMESA nayo ina utaratibu wake rahisi kwa wafanyabiashara wadogo, na ni orodha ya bidhaa zilizokubaliwa na nchi mbili zinazopakana. Beseni la mama mdogo halifiki hata dola 50. Kuna mambo ya kuangalia, kwa kuwa taratibu hizi zinaondoa ushuru wa kuingiza tu, si kila tozo. Ada nyingine zinabaki. Hata hivyo, miaka yote aliyovuka, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba karatasi ya namna hiyo ipo. Vilevile tangu 2002 sheria ya Kongo inataja idara nne tu zenye ruhusa ya kufanya kazi mpakani: forodha, uhamiaji, ukaguzi wa bidhaa na afya. Mtu akijua hivyo, akifika kwenye meza ya tano anaweza kuuliza. Asipojua, analipa na kushukuru.

Mtasema: lakini sasa mambo yamebadilika. Ni kweli. Tangu Januari 2025 anayekusanya kwenye bariere ya Goma si yule aliyeweka sahihi Nairobi. Benki zilifungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, pesa taslimu zikaadimika, na mji umezidi kutegemea kile kinachoingia kwa miguu. Kwa hali hiyo mjadala wa kutoka Jumuiya una kichekesho chake kichungu: Kinshasa inaweza kutoka kesho, na mama mdogo ataamka keshokutwa saa kumi na moja kasoro, atavuka kwa njia ileile na kulipa kwa mkono uleule. Badiliko litakuwa kwamba hatakuwa tena na mkataba wa kuonyesha, siku sheria itakaporudi kuwa sheria. Hilo ndilo linalonifanya nisimame upande wa kubaki, na nalisema waziwazi ili wenzangu wa mdahalo wajue pa kunishambulia. Nasimama hapo bila mapenzi. Nadhani haki iliyoandikwa, hata isipofuatwa, ni afadhali kuliko isiyoandikwa, kwa sababu ile ya kwanza unaweza kuitafsiri na kuibandika ukutani.

Na hapa nina neno na kitivo. Kiswahili kimepandishwa vyeo vingi miaka hii. SADC ilikifanya lugha rasmi 2019, wakuu wa Afrika Mashariki wakakubali 2021 kiwe lugha rasmi ya Jumuiya pamoja na Kifaransa, Umoja wa Afrika ukafuata 2022, na kila tarehe 7 Julai tunavaa vitenge na kusoma mashairi. Mimi pia nilisoma. Katika Katiba yetu ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Lakini kwenye ukuta wa bariere, mahali ambapo Kiswahili kinasemwa kuanzia alfajiri hadi jioni na pande zote mbili za kamba, sijaona orodha moja ya viwango iliyoandikwa kwa Kiswahili ambacho mama mdogo anaweza kukisoma. Tumetetea hadhi ya lugha kwenye makongamano na kuiachia Kifaransa risiti.

Najua jibu la baadhi ya walimu wetu: Kiswahili cha soko la Virunga si sanifu, na tafsiri rasmi lazima iwe sanifu. Nakubali nusu. Nilijaribu kutafsiri ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha vitabu na kumsomea mama mdogo. Msamaha wa ushuru wa forodha kwa bidhaa zenye uasilia. Alinisikiliza kwa heshima kama anavyosikiliza mahubiri ya padri mgeni. Nikarudia: kitu chenye kimelimwa ao kimetengenezwa mu inchi ya EAC, hakilipe dwani ya kuingiza. Akasema, “Sasa hapo umesema.” Naona tuandike yote mawili, moja chini ya jingine, na tusione haya kwa lolote.

Tatizo lililobaki ni neno uasilia lenyewe. Mama mdogo aliniuliza kama nyanya iliyolimwa Rubavu kwa mbegu iliyonunuliwa Goma ni ya wapi. Nilicheka, lakini ni swali ambalo kanuni inalijibu: mazao ya shamba ni ya pale yalipovunwa. Unga ni mgumu zaidi, kwa maana mahindi yanaweza kuwa ya Zambia na kinu kikawa cha Kigali, na hapo kuna kipimo cha kiasi gani cha kazi kimefanyika wapi. Sijapata namna ya kulisema hilo kwa mistari miwili ambayo mtu ataisoma akiwa na kilo thelathini kichwani.

Nimeanza orodha, ina bidhaa kumi na nane hadi sasa: nyanya, vitunguu, maharagi, viazi, karoti, kabichi, maziwa, mayai, unga wa mahindi, unga wa muhogo, mchele, sambaza na nyingine. Ninahitaji mtu mmoja anayeandika Kinyarwanda vizuri, kwa sababu wauzaji wa upande wa pili watauliza yao, na mtu mmoja wa kitivo cha sheria wa kusahihisha vifungu. Alhamisi mchana huwa niko maktaba, meza ya dirishani. Yule mwenzetu wa mwaka wa tatu namwalika kwanza. Kifaransa chake cha sheria ni kizuri kuliko changu, na kazi hii haihitaji tuwe tumekubaliana.